Mama Kadidja na Shilingi Aliyoingoja

Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026, Mama Kadidja Amisi atafunga gishe yake, dirisha lake la kazi, kwa mara ya mwisho, baada ya karibu miaka ishirini na mitatu ya kubadilisha fedha hapa Maison Ushirika, katikati ya mji wa Kisangani. Mkurugenzi ameniomba niandike wasifu wa kuchekesha, maana mimi ndiye jirani yake wa gishe ya pili, na eti najua vituko vyake vyote. Navijua, ndiyo. Nitajaribu kuchekesha, lakini nikishindwa mnisamehe.

Alianza kazi mwaka 2003, vita vilipotulia na watu wakapata tena moyo wa kusafiri. Aliajiriwa abadilishe faranga na dola, basi. Yeye akajiongezea kazi nyingine: kuhakikisha kwamba mtu wa Kisangani anayekwenda kutembea nchi ya watu harudi analia. Akatundika ubao mdogo kando ya gishe, na kila asubuhi akaandika kwa chaki bei ya dola kule Kampala, Kigali, Zanzibar na Dubai, kama wafanyabiashara walivyomwambia kwa simu. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemlipa kwa hilo.

Mafunzo yake tunayajua kwa kichwa. Beba noti za mia, tena mpya, kwa sababu katika nchi jirani noti ndogo na za zamani hupewa bei ya chini. Ndogo ziwe chache, za njiani tu. Uwanja wa ndege badilisha ya teksi. Nyingine ipeleke mjini, uulize duka hili na lile. Bei iliyoandikwa mlangoni isikudanganye, uliza utapewa ngapi mkononi wakishakata chao. Na ukilipa kwa kadi, mashine ikakuuliza dola au fedha ya pale, chagua fedha ya pale. Mteja mjuaji akimkatiza, Mama alimwambia, "Papa, sema tu, niko nasikia." Akimaliza, Mama alianza upya tangu noti za mia.

Mnajua hapa kwetu dola yenye mpasuko kama punje ya mchele hata muuza majani ya pondu sokoni anaikataa. Watu wanazilaza ndani ya Biblia, ndani ya Korani, chini ya godoro. Tonton Rolly, mzee wa mtaa wa Mangobo, alipokuwa anakwenda Kampala kwa harusi ya mpwa wake, aliona zake zimekunjamana, akazipiga pasi ya makaa. Mbili zikaungua. Alipozileta gisheni, Mama Kadidja alicheka mpaka akakaa chini, halafu akamkaripia: "Tonton, ile iko shati?" Tonton Rolly bado anatusimulia kisa hicho mwenyewe, na kila mwaka noti zilizoungua zinaongezeka.

Alikuwa pia na desturi iliyomnunisha mkurugenzi. Aliyerudi na mabaki ya fedha ya kigeni alimkutanisha na anayekwenda, wakabadilishana wenyewe kwa bei ya katikati, na Maison haikuambulia kitu. Mkurugenzi alilalamika sana. Alipoona watu wale wale wanarudi kwetu na dola zao zote, bon, akanyamaza.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Mumewe, Papa Hemedi, alikuwa seremala kule mtaa wa Kabondo. Babu wa babu yake alitoka pwani na wafanyabiashara wa zamani, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuona maji makubwa kupita mto wetu. Alikuwa na ombi moja: kabla hajafa, apate wiki moja Zanzibar na mke wake, aione bahari. Kila kabati alilouza, Mama aligeuza faranga zake kuwa dola siku ileile. Mwishoni mwa 2024 dola zikatimia. Mwezi uleule, shilingi ya Tanzania ikapanda, dola ikawa inaleta kidogo. Mama akamwambia mumewe wangoje ishuke. Papa Hemedi katika mambo ya fedha hakuwa na neno mbele ya mkewe. Akasema sawa, akarudi kwenye randa yake.

Mwezi wa pili wa 2025 Papa Hemedi alianguka karakanani, na hakufika hospitali akiwa hai. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mama akakaa eda. Akiwa ndani, shilingi ikashuka vizuri, vilevile alivyokuwa ameitaka. Sisi gisheni tuliiona, na aliyekuwa akiandika ubao mkono wake ulikuwa mzito. Siku aliporudi kazini tuliwahi kufuta mstari wa Zanzibar. Aliingia, akasalimia kila mtu, akaona ile nafasi tupu. Akachukua chaki, akaandika bei mwenyewe, akaketi, akaita mteja wa kwanza. Mchana, mbele ya sahani ya lituma, ndizi za kuponda, ambayo hakuigusa, aliniambia tofauti ya bei yenyewe ingenunua samaki wa siku mbili. "Bijou, nilikuwa nangoja samaki," alisema. "Papa akaenda." Nikamshika mkono.

Tangu hapo, mtu na mkewe wakija kuuliza kama wangoje bei ipande, hakuwapa hesabu tena. Papa Théodore, mtafiti wa kituo cha kilimo cha Yangambi, alifika mwezi wa kumi na moja na mkewe Daniella, wanataka kuahirisha Zanzibar hadi Pasaka. Mama akawatazama. "Muko wawili? Muende." Wakaenda kwa Noeli. Tukamwambia na yeye aende basi, dola si zipo? Akakataa. Bahari ilikuwa ya Papa, alisema, yeye akafanye nini kule?

Wiki iliyopita Papa Théodore alirudi na mabaki yake ya shilingi, akauliza ni nani anayesafiri karibuni wabadilishane. Tukatazamana, hakuna mtu. Mama Kadidja akafungua mkoba, akatoa noti moja ya mia katika zile dola za Papa Hemedi, akaisukuma mbele. Papa Théodore akaanza kutaja bei, Mama akatikisa kichwa: hakutaka kuisikia. Alizipokea shilingi bila kuzihesabu. Miye niligeukia ukuta nikalia, na mlinzi akaja mbio kuuliza nani ameniibia.

Amekata tiketi moja ya Zanzibar. Anaondoka wiki moja baada ya sherehe hii, peke yake, na sisi tunaobaki hatujui tumfurahie au tumlilie. Tunafanya yote mawili.

Mama, aksanti kwa kila mtu wa mji huu uliyemkinga asiibiwe. Tunakuombea safari ya salama, afya, na miaka ya mapumziko yenye watu wa kukuchekesha. Na ukifika ufukweni ukaona huwezi, usijilazimishe, rudi hata kesho yake. Mlango wangu uko wazi, na hapa hakuna atakayekuuliza umepata hasara kiasi gani.

Bijou, gishe ya pili, kwa niaba ya wenzako wote