Kidole Nilichokificha

Roslyn, punguza hiyo redio, na wewe Darrell vuta kiti ukae mahali ninapouona uso wako, maana mtu anayesimama nyuma ya kitanda cha mgonjwa huwa ana lake jambo. Mkeo yuko wapi? Jikoni? Basi abaki huko huko. Jana nilimwona akiyapima mapazia kwa macho, na mimi sijafa bado. Tegeni masikio, wanangu, niseme nikiwa na pumzi, kwa sababu karatasi iliyoko kwa wakili kule Devonport imetaja mali tu, na yule wakili mwenyewe anatabasamu mno kwa mtu ambaye kazi yake ni vifo vya wenzake.

Mali yenyewe ni hii. Shamba la viazi, udongo wote mwekundu kuanzia barabarani hadi kijitoni, ni lako Darrell, na usimuuzie mtu yeyote anayeingia shambani na viatu safi. Kibanda cha kule Ziwa Kuu, mashua na ndoano zake, ni cha Roslyn, kwa kuwa ndiye pekee kati yenu aliyejua kunyamaza nilipokuwa ninavua. Kofia yangu ya kijani ya timu ya kriketi ya jimbo nitazikwa nayo, na mhakikishe kwa macho yenu kwamba imo ndani, maana kuna bwana mmoja wa kusini anayekusanya vitu vya kale amenipigia simu mara mbili, na sauti yake ilikuwa tamu kupita kiasi.

Ninyi mmekua mkiikuta Tasmania inacheza na majimbo yote ya bara, mkadhani ilikuwa hivyo tangu jadi. Haikuwa hivyo. Mechi kubwa ya kwanza kabisa baina ya makoloni ya nchi hii ilichezwa hapa kisiwani, Launceston, mwaka 1851, na tuliowashinda ni Victoria. Lakini ngao ya majimbo ilipoanzishwa mwaka 1892 watu wa bara wakagawana wao kwa wao, sisi tukabaki ufukweni tunapunga mkono. Miaka themanini na mitano, wanangu! Wakija kututembelea walikuja kama mtu anayemtembelea shangazi maskini, wanakula, wanatupiga, wanapanda meli. Mnaniuliza kwa nini nina dhana mbaya na watu. Mimi nimezaliwa katika kisiwa ambacho watu husahau kukichora kwenye ramani.

Na ubaya haukuwa wa bara peke yake. Humu ndani Hobart wakitaja mchezaji wao, Launceston walidai wa kwao, na sisi wa pwani hii ya kaskazini-magharibi tuliambulia makombo. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi tulikuwa sisi. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini kila mkulima hapa alijua kwamba pwani yetu ina nafasi moja kwenye timu, ikizidi moja kusini watanuna hadi Krismasi. Mimi niliichezea timu hiyo mechi tatu, mlinda wiketi, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya vile vijiti vitatu na kudaka kila kinachompita mpigaji. Na mrushaji niliyemdakia tangu utotoni alikuwa mjomba wenu, Clem Ransley, kaka yake mama yenu, huyo huyo wa ng'ambo ya lango ambaye mmekatazwa kumsalimia maisha yenu yote.

Msishtuke nikimtaja. Leo ninamtaja.

Mwaka 1977 habari zikaja kwamba hatimaye tumekubaliwa kwenye ngao, tena kwa masharti, tucheze nusu ya mechi za wenzetu, kama mtoto anayekaribishwa mezani lakini ale amesimama. Tulifurahi hata hivyo. Roslyn ulikuwa na miezi mitatu. Wiki mbili kabla ya timu kutangazwa, katika mechi ya kijiji, Clem alirusha mpira ukaruka vibaya, ukanivunja kidole cha pete cha mkono wa kulia. Nilifanya kosa ambalo kila mlinda wiketi hulifanya, nilikificha. Vidole vyetu vyote vimepinda, nani angejua? Clem alinifunga kwa plasta ndani ya banda la viazi, akicheka. "Shemeji," akasema, "hiyo mikono sasa hata ng'ombe hataila." Nikamwambia, "Ukimwambia mtu nakuzika humu humu." Akasema, "Nimwambie nani? Kuku?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku nne baadaye gari likasimama barabarani, akashuka mzee wa kamati ya uteuzi, ametoka Hobart kwenye lami na viatu vyake safi, akavuka matuta ya viazi hadi nilipo. Akanisalimu vizuri, akanisifu, kisha akasema, "Lete mkono, bwana Lillico." Nikampa. Akaubana. Hakuubana wote, wanangu, alibana kidole kile kile, taratibu, huku akinitazama machoni, na mimi nikapiga magoti kwenye udongo nikalia kama mbuzi. "Pole sana," akasema. "Tutamchukua kijana wa Hobart. Wewe pumzika."

Alijuaje? Nilijiuliza swali hilo kabla hata hajalifikia gari lake. Mama yenu alijua, Clem alijua, na daktari aliyefungwa na siri ya kazi yake, basi. Na timu ilipotangazwa, nafasi moja ya pwani yetu alipewa nani? Clem. Ningehitaji ushahidi gani tena? Kikulacho ki nguoni mwako. Nilinunua mnyororo nikafunga lango la kati ya mashamba yetu, naye akaja mbio, ameshika kofia yake mpya mkononi, akapiga kelele, "Shemeji, kuna nini?" Nikamjibu, "Waulize rafiki zako wa kusini." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia. Katika kriketi mwamuzi hawezi kumtoa mpigaji mpaka aulizwe, na mimi nimewauliza waamuzi kwa sauti ya kupasua koo mara elfu. Clem sikumuuliza hata mara moja. Nilimtoa mwenyewe.

Mimi huku nikiukunjia uso ukuta, timu ikakua. Mwaka 1979 tukachukua kombe la mechi za siku moja, kisiwa kizima kikalewa. Ngao yenyewe ikachelewa, ikachelewa, mpaka Machi ya mwaka 2007 tukafika fainali nyumbani, uwanja wa Bellerive. Niliendesha gari kwa muda wa saa nne kwenda kusini, na nilipokuwa nimeketi, safu tano chini yangu nikamwona Clem, peke yake, amezeeka. Alikuwa na pai mbili, moja kila mkono, kama tulivyozoea zamani, yeye kununua na mimi kushika nafasi. Ile ya pili hakuila. Tulipowashinda New South Wales watu wakakumbatiana na wasiowajua, na mjomba wenu akasimama analia na pai yake imepoa mkononi. Nilisema moyoni, machozi ya mamba. Niliondoka kwa mlango mwingine. Ngao mbili nyingine tulizichukua, 2011 na 2013, hizo nilizisikiliza jikoni.

Nipe maji. Hapana, ya chupa ile, siyo hayo aliyoleta muuguzi. Tangu Jumanne vidonge vyake vimebadilika rangi na hataki kuniambia sababu.

Sasa sikilizeni, maana hili mama yenu aliniachia peke yangu. Mei iliyopita, siku mbili kabla hajaaga, alinishika mkono, akakishika kidole hicho, akasema, "Athol, ni mimi." Alikuwa amempigia simu mke wa yule mzee wa kamati. Daktari alishasema kipigo kimoja zaidi na kidole kinakatwa, na mimi nilikuwa nashindwa kumfunga Roslyn vifungo, viazi viko ardhini, yeye ana mtoto kifuani. Aliogopa. Alikwenda kumwambia Clem wiki hiyo hiyo kwamba atakiri kwangu, na Clem akamkataza. Akamwambia, "Nyamaza, Joyce. Mrushaji atapata mwingine. Mke kama wewe hapati." Miaka arobaini na minane, wanangu, mtu yule alipita mbele ya mnyororo wangu, akajua, akanyamaza, ili ninyi mkue na baba na mama ndani ya nyumba moja.

Na mimi nilifanya nini? Mnadhani nilikwenda? Nililala kitandani hapa nikawaza, damu nzito kuliko maji, pengine anamkingia kaka yake kabla hajafa. Mke wangu anakufa, nami ninampima ulimi! Ndivyo nilivyo. Hata sasa, sehemu yangu moja inasema waliyapanga, na sehemu hiyo haitakufa kabla yangu. Ninaona haya kuwaambia, lakini ndiyo kweli yenyewe. Mkisubiri muwe na hakika ndipo msamehe, mtazikwa mkisubiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimejenga wangu hadi dari.

Darrell, mnyororo ule ukatwe leo kabla ya chai. Usiufungue, ufunguo niliutupa ziwani, ukate. Kisha nyote wawili mpite langoni, mgonge mlango wake, mseme, "Shikamoo, mjomba." Msimweleze kitu. Atawatazama sana. Roslyn, wewe una macho ya mama yako, simama mbele.

Sogeeni. Sauti inakwisha. Mungu awape... mvua kwa wakati wake, na viazi visivyooza. Awape watoto wanaouliza. Msigombane juu ya shamba. Mkeo, Darrell... mwambie mapazia achague anayoyataka. Nilimwonea.

Jeneza langu libebwe na watu sita. Mbele, upande wa kulia, ni pa Clem. Magoti yake hayafai, najua... aweke mkono tu. Na akikataa, ana haki. Lakini pale msimweke mtu mwingine. Msimweke. Nibebeni hivyo hivyo... nimeinama upande.