Magunia ya Mchanga ya Mwalimu Vidosava

Mheshimiwa Meya, Baba Padre Gligorije, ndugu wageni waalikwa, wazazi na wanafunzi wa Donji Jasenik, nanyi wenzangu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea ambao tayari mnanusa nyama choma: habari za mchana. Nakusalimu na wewe, Mwalimu Vidosava, uliyesema hutaki hotuba siku ya kustaafu kwako. Pole sana, imeshaanza.

Nani kati yetu ameisahau mvua ile ya Mei? Ilinyesha mpaka vyura wakatafuta pa kujikinga. Mto Sava, ambao siku zote hutupita kimya kama jirani mwenye adabu, ukapanda tuta ukaanza kuchungulia madirishani. Mapipa yetu ya kabichi ya kuchachusha yakaelea barabarani, na mke wangu akalikimbilia letu kabla hajauliza mimi niko wapi.

Asubuhi hiyo mimi, mkuu wa kikosi, nilikuwa nimekwama. Magunia ya mchanga yamekwisha, maji yamefika ngazi za nyumba ya wazee, na humo wengine hata kusimama hawawezi. Boti tulikuwa nayo moja tu. Ndipo mwalimu akatokea, buti zimejaa maji.

"Stojan, mbona umesimama kama mwanafunzi asiyejua jibu?"

"Magunia yamekwisha, mwalimu."

"Yapo. Yamezunguka nyumba yangu."

"Lakini hayo yanailinda nyumba yako!"

"Kwani nimekuuliza yanalinda nini? Leta trekta!"

Tukayachukua, jamani. Tuliyapakia huku maji yakiingia jikoni kwake, naye akipokezana nasi na kutukemea kwamba tunabeba kama mabibi harusi. Tukaizungushia nyumba ya wazee, na maji yakazuilika kiasi cha boti kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka akabaki Mzee Miladin peke yake, ameng'ang'ania kitanda.

"Sitoki! Mimi nilishaoga Jumamosi!"

"Basi kaa," mwalimu akamjibu. "Ila chupa zote za pombe yenu ya rakija zimeshapelekwa shuleni, kule kilimani."

Mzee alifika botini kabla yetu.

Hakufa mtu hata mmoja. Lakini maji yalipopungua, nyumba ya mwalimu ilikuwa imeanguka ukuta wa mbele, na kinanda cha marehemu mama yake kimelala kwenye tope. Nilimwona akibonyeza kitufe kimoja. Hakikulia. Yeye akanigeukia: "Afadhali. Nyumba yenyewe ilikuwa na panya." Tangu hapo analala katika chumba kidogo cha shule, na nani amewahi kumsikia akilalamika? Sasa anastaafu, na chumba anakiacha. Tungemwambia aende wapi?

Mwalimu, kiangazi kizima umetufokea kwa sababu ya kelele za nyundo nyuma ya kanisa. Juzi uliniita mhuni mbele ya wajukuu wangu. Sikujitetea, kwa kuwa kule tulikuwa tunakujengea nyumba. Iko juu, mbali na mto, na kila familia ya wazee wale imetia mkono. Mlango ameupaka rangi Miladin mwenyewe. Tafadhali usiutazame kwa karibu.

Ufunguo huu hapa. Pokea, mama yetu.

Nanyi nyote mlionivumilia hadi hapa, asanteni kwa masikio yenu. Sasa mpisheni mwalimu, aende kwake.