Bi Zakiya binti Msellem, Mke wa Suud (1938–2006)

Ndugu zetu mliotujia leo Azaiba kwa hitima, mimi Hasina nakusomeeni maisha ya mama yangu mdogo.

Marehemu alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 3 Machi 1938. Alisoma hapo hapo Wete, kisha Unguja, akahitimu ualimu mwaka 1957.

Mwaka 1960 aliolewa na Bwana Suud bin Aws, mwalimu mwenziwe, ambaye Julai 1963 aligombea kiti cha Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar. Siku ya uchaguzi, wakala wa chama cha pili alimtania kwenye mstari wa wanawake, “Bibie, mumeo utampa kweli?” Akamjibu, “Kura yangu siri. Chajio atapata.”

Bwana Suud alishinda. Serikali ya chama chake haikutimiza mwaka. Ilipopinduliwa, Januari 1964, watu wenye silaha walimchukua mlangoni kwake, na habari zake zikakatika.

Marehemu alifika Maskati mwaka 1974, akafundisha Ghubra mpaka alipostaafu 1995. Aliishi peke yake. Alipoposwa alisema, “Nna mume.” Akaulizwa yuko wapi. “Na mimi nauliza hilo hilo.”

Oktoba 2003, Waomani wote wazima waliporuhusiwa kuchagua Majlis Shura, baraza la ushauri, kaka yangu Saeed alimpeleka kupiga kura. Alipomaliza alikaa kwenye benchi nje, hataki kuondoka.

Saeed akamwambia, “Khala, matokeo si leo.”

“Najua. Kule tuliyangojea wawili.”

Mwaka uliofuata alijiwa na mzee kutoka Unguja, aliyefungwa pamoja na Bwana Suud. Alimwambia kuwa mumewe alifia kizuizini, Aprili 1964. Sheikh akamweleza kwamba eda yake imeshapita zamani. “Ilipita mimi sijui,” akasema, akavua bangili, akakaa eda kamili. Mimi na Saeed tulikwenda kumpa pole, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumjua Bwana Suud, wala hatukuwa na la kumsimulia.

Mapema mwaka huu alianza kuugua moyo. Alifariki nyumbani kwake Ghubra, Jumatano tarehe 14 Juni 2006.

Hakujaaliwa mtoto. Ameacha dada yake, Bi Balqees, ambaye ni mama yetu. Sisi wapwa zake, Hasina na Saeed. Na wanafunzi wake wengi.

Mola amlaze pema, na amkutanishe na mumewe, ambaye kaburi lake hatulijui.