Springi Ngumu Kuliko Zote

Wa msikitini na wa kanisani, mafundi wenzangu na familia zenu, salaam kwenu nyote. Mwenyekiti wa chama chetu cha mafundi amesema niwe mfupi. Nitajitahidi, ingawa mnanijua.

Hii mkononi ni springi ya valvu. Ipitisheni, kila mmoja aibonyeze. Ngumu, eh? Hii ndiyo iliyoniangusha.

Nilikuwa na gereji yangu Manzese, na sifa zilikuwa zimenilevya. Injini ikikohoa mtaa wa pili, mie nishajua inaumwa nini. Basi akaja dada mmoja na gari la marehemu baba yake, lile lile alilofundishiwa kuendesha. Alitaka kuliingiza kwenye mashindano ya barabara ya vumbi kule Kigamboni, na kaka yake aliyeko ng'ambo alikuwa amemtumia kemshafti ya mbio.

Kwa wasio mafundi: kemshafti ni mhimili wa chuma wenye nundu. Nundu inasukuma valvu, kile kilango cha hewa na moshi, ifunguke; springi inairudisha ifunge. Kemshafti ya mbio ina nundu ndefu, kwa hiyo valvu inashuka zaidi na springi inabanwa zaidi. Springi za zamani haziwezi kuifuata, lazima zibadilishwe. Mpaka hapo nilikuwa sahihi.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya vipimo. Dada akauliza, "Fundi, hii inasemaje kuhusu springi?"

"Dada'angu, karatasi haijui Manzese," nikamjibu, nikaweka kikombe cha chai juu yake. Wenzangu wakacheka. Nikakipenda kicheko kile.

Mnajua sie tunavyochagua springi. Unaweka mbili kwenye jiriwa, kile kibano cha mezani, kichwa kwa kichwa, unakaza. Inayolala kwanza ndiyo dhaifu. Nikatafuta springi za injini kubwa, za waya mnene, nikazishindanisha na zile za zamani. Za zamani zikalala kama godoro bovu. Za waya mnene zikasimama. "Dume hilo!" nikapiga kelele, nikafunga zote nane. Nilipoizungusha injini kwa mkono, ilikuwa nzito ajabu. Nikasema ndiyo nguvu zenyewe hizo.

Siku ya majaribio injini ililia kama kabati la vyombo lililoanguka, halafu kimya. Nilipoifungua, valvu moja ilikuwa imekatika na kutoboa pistoni, na nundu za kemshafti zimelika kama sabuni.

Dada hakunigombeza. Aliuliza tu, "Fundi, ulipima?"

"Nilipima. Kemshafti ndiyo mbovu. Kaka yako kauziwa feki."

Ndugu zangu, nawaambia, chuma kikivunjika kinachomelewa, lakini undugu hauna mchomeleaji. Dada alimpigia kaka yake palepale. Nikamsikia akimwambia, "Umeliua gari la baba!" Tangu siku ile hawakusemezana tena. Nami nilijua moyoni kuwa sikupima kitu, nikanyamaza.

Ukimya ule ukashuka mpaka vidoleni. Nikishika spana, mkono unatetemeka. Nikafunga gereji, nikawa naosha magari kando ya barabara. Watani hawakosi: "Fundi Dume, leo unapima povu?"

Mke wangu akachoka. "Hiyo springi unayotembea nayo mfukoni kama hirizi," akasema, "ipeleke kwa anayeijua." Nikaenda Mikocheni, kwa mama mmoja anayechonga hedi za injini, kule valvu zinakokaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umeishika kama yai?"

Nikamweleza yote, na uongo wangu ndani yake. Akaiweka springi peke yake kwenye jiriwa, akakaza taratibu mpaka mizunguko yake ikagusana yote, ikawa kama kipande cha bomba. Akapima urefu. Nikampa ile karatasi, yenye duara la kikombe cha chai. Akapiga hesabu kwa chaki juu ya meza.

"Mwanangu, we ulipima ubishi wake, hukupima nafasi yake," akasema. "Nundu bado inataka springi ishuke, nayo ishafika mwisho. Hapo lazima kitu kivunjike. Springi inayofaa ina nguvu za kuirudisha valvu, na hata nundu ikiisukuma hadi mwisho wake, kati ya mizunguko unabaki upenyo kidogo." Akafuta chaki kwa kiganja. "Haya, la injini tumemaliza. La yule binti je?"

Nilimfuata dada kwake Temeke siku hiyohiyo. Nilisema nikiwa mlangoni, maana ningekaa nisingesema. Kisha akapiga simu, akaiweka spika, akanisogezea. "Mwambie na yeye."

Nikamwambia.

"Fundi," akasema kaka mtu, "nilikuja nyumbani Idi mbili, pilau ya dada'angu sikuionja. Kisa wewe?"

"Kisa mimi, kaka."

"Basi itabidi nile sahani tatu."

Dada akaangua kicheko huku machozi yanamtoka. Mie nililia tu, sina la kuongeza.

Kaka alituma kemshafti nyingine pamoja na springi zake. Hata hizo tulizipima moja moja, zote nane, mama wa Mikocheni amesimama nyuma yangu na dada akiandika kwenye daftari. Injini ilizunguka kwa mkono kama mlango uliotiwa mafuta. Kule Kigamboni dada alishika nafasi ya pili kutoka mwisho, akarudi nyumbani akiendesha gari la baba yake. Na mikono yangu, tazameni, imetulia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, na mama yule, na ndugu wawili walionisamehe. Nawashukuru ninyi mlionirudishia benchi langu la kazi bila kuniuliza nilikuwa wapi. Nilidhani kilicho kigumu kuliko vyote ndicho kinachofaa, kwenye injini na kifuani mwangu pia. Sivyo.

Dada bado huniletea gari lile, na kila mara huuliza, "Fundi, ulipima?" Siku hizi simjibu. Namkabidhi kipimo, apime mwenyewe.