Shikamoo ya Kikosi cha Mwalimu Usi

Mwalimu Usi Msabah anastaafu tarehe 30 Juni 1972, baada ya kufundisha mazoezi ya viungo katika skuli yetu ya Kiembe Samaki kwa miaka kumi na minane. Kabla ya hapo alikuwa hamali bandarini Malindi, hapa hapa mjini, mpaka siku aliponyanyua gunia la karafuu huku ameegemea nyuma. Mgongo ulimuuma Ramadhani nzima, na tangu hapo hamsamehi mtu anayepinda kiuno.

Vyuma vyetu vya kunyanyua alivitengeneza mwenyewe: bomba la maji, na kwenye kila ncha kopo la rangi lililojazwa saruji. Mafunzo yake tunayajua kwa ghibu. Miguu iachane kwa upana wa mabega. Tumbo na makalio yakazwe. Viwiko vikae chini ya viganja, visitawanyike kama mbawa za kuku. Kidevu kirudi nyuma kidogo ili chuma kipite mbele ya uso, na kikifika juu kisimame usawa wa masikio. Pumzi itoke wakati wa kusukuma. Masoud akipinda mgongo kwa nyuma, Mwalimu humwuliza, "Baba, unatafuta nazi?" Hasan, anayesahau kidevu, huambiwa tu, "Pua ni yako."

Jambo moja lilimshinda. Bi Mwanakheir, jirani wa skuli, hukatiza uwanjani kila alasiri, na mtoto mwenye adabu hawezi kumwona mkubwa akanyamaza. Tukiinamisha vichwa kumwamkia, vyuma vinakwenda upande. Mwaka jana wakaguzi walikuja wakati Bi Mwanakheir anapita, wakatukataa kwenye maonesho ya skuli katika uwanja wa Amani. Mwalimu alikuwa hajawahi kupeleka kikosi Amani, na mwaka huu ndio uliokuwa umebaki.

Hakumzuia Bi Mwanakheir kupita, wala hakutukataza adabu. Alisema, "Mwamkieni, lakini shingo wima. Shikamoo itoke na pumzi, chuma kikipanda." Bi Mwanakheir akapendezwa, akawa anasimama kabisa. Akiitika "Marahaba", ndipo tunashusha. Wakaguzi waliporudi, vyuma vilikwenda sawasawa, tukapita.

Tulichosahau ni kumwalika Bi Mwanakheir Amani. Mara ya kwanza vyuma vilipanda na shikamoo ya kikosi kizima, kisha vikabaki huko huko juu. Mwalimu akapiga filimbi tushushe. Hakuna aliyeshusha, maana hatukuwahi kushusha kwa filimbi. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka pale mzee mmoja jukwaani, akidhani anaamkiwa yeye, alipoitika, "Marahaba, wanangu." Vyuma vikashuka pamoja. Tulipopandisha tena, jukwaa zima liliitika, na likaendelea kuitika mpaka mwisho. Mgongo mmoja tu ulipinda siku ile, nao ni wa Mwalimu Usi, kwa kicheko.

Mwalimu, ahsante kwa migongo yetu. Mungu akupe afya, usingizi mtamu wa mchana na kiuno kisichouma. Ukipita uwanjani tutakuamkia, shingo wima, vyuma juu. Tunakuomba tu usichelewe kuitika.