Alikatwa Zaka, Akanyimwa Sala

Baada ya kuendesha gari la kanisa kwa miaka ishirini na saba, Mzee Taratibu anastaafu leo, tarehe thelathini Juni. Mimi ni fundi wa gari hilohilo, na kwa kuwa karani yuko likizo nimeambiwa niandike wasifu huu, tena uwe wa kuchangamsha. Nitajaribu.

Alianza kazi akiwa kijana mwembamba, wakati gari lenyewe lilikuwa pikapu yenye mlango mmoja unaofunguka na mwingine uliofungwa kwa kamba. Jina la Taratibu alipewa na akina mama wa kwaya kwa sababu ya mwendo wake. Walimsema sana, hadi siku breki zilipogoma kwenye mteremko wa sokoni nao wamo ndani wanaimba. Mzee alishusha gia moja baada ya nyingine, akaliingiza gari kwenye ua wa michongoma. Akina mama waliendelea hadi ubeti wa mwisho, wakidhani wamefika. Walipoambiwa ukweli wawili walikaa chini barabarani, na tangu hapo hakuna aliyemharakisha tena.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwapeleka wachungaji mazikoni. Kwa mvua, kwa tope, kwa jua la utosi, alikwenda. Alikuwa na koleo lake kwenye gari, na wachimbaji wakizidiwa alivua koti akashika. Ni familia chache za usharika huu ambazo hakusimama nazo kaburini, nyuma ya watu, kofia mkononi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati ya kanisa ingependa niliruke. Siliruki.

Sisi wafanyakazi wa kanisa hukatwa zaka ofisini kabla mshahara haujatufikia. Mzee alipoajiriwa aliomba apewe mshahara mzima, ili fungu la kumi alitoe kwa mkono wake mwenyewe, yeye na mkewe, kama waumini wengine. Akajibiwa kwamba pesa ikishaingia mfukoni, shetani huwa na maneno mengi. Yaani anayekaa kwenye benchi anaaminiwa, anayelifuta vumbi benchi hilo haaminiwi. Tumefundishwa sote kwamba kutoa ni moyo. Huo mkasi wa mhasibu una moyo gani?

Tena hiyo zaka ya kukatwa haipiti kwenye bahasha, na wazee wa kanisa wanaojaza kadi za zaka huhesabu bahasha tu. Kwa hiyo kila anayelipwa na kanisa, kadi yake ni nyeupe. Miaka yote hiyo hakuna aliyeshtuka, maana wanaojaza kadi hawalipwi mshahara hapa.

Mwaka juzi shemeji yangu, mke wa Mzee, alifariki. Wazee wakatoa kadi, wakaiona nyeupe, wakasema kanuni ni kanuni, asiyetoa zaka hazikwi na mchungaji. Mzee alieleza, akaambiwa alete ushahidi, na mhasibu alikuwa safarini. Maiti haisubiri vikao. Mzee alimzika mkewe yeye na watoto wake na sisi wa gereji. Alianza kusoma zaburi, katikati akanikabidhi kitabu, nikamalizia mimi nisiye msomaji. Wiki iliyofuata alimpeleka mchungaji yuleyule kumzika mtu mwingine.

Mhasibu aliporudi alithibitisha kila kitu, na kadi ikajazwa. Hakuna aliyekwenda kuomba radhi. Kweli asante ya punda ni mateke.

Kamati ilipomuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, hakutaja godoro wala kabati. Aliomba mchungaji aende kaburini akamsomee mkewe ibada ya maziko, basi. Akaambiwa ombi hilo litajadiliwa kikao kijacho, kwa sababu kulikubali ni kukiri kosa. Badala yake wamemnunulia saa ya ukutani.

Na mtu huyu bado anataka kutoa. Mwezi uliopita aliuliza kama kiinua mgongo chake kitakuja kizima, ili safari hii fungu la kumi alipeleke mwenyewe madhabahuni. Nilimwambia akae nalo, wamemla vya kutosha. Alinikasirikia, akasema hajawahi kumtolea mzee wa kanisa hata senti moja, yeye humtolea Mungu.

Mzee wetu, asante kwa kazi yako na kwa uvumilivu ambao mimi sina. Afya iwe nawe, na uzee wako uwe mtamu. Gari nimelijaza mafuta, lipo mlangoni mwa kanisa, na leo naendesha mimi, hadi kaburini kwa mkeo. Wewe utakaa nyuma na watoto wako. Kiti cha mbele ni cha mchungaji, na usharika mzima utakuwa umesimama pale nje ukimtazama kama ataingia.