Baraka Isiyopelekwa Hospitali

Mheshimiwa Mwakilishi Wadi, Daktari Mutembei, Mchungaji wetu, Chifu, Bi. Mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, ndugu wageni waalikwa na wenyeji wa Karurumo: kabla ya utepe wa chumba hiki kipya cha uchunguzi kukatwa, nina habari ya jana. Uvimbe wa Cicily Njoki umerudi. Aliyesema hivyo ni Daktari Mutembei, baada ya kuona kiwango cha homoni katika damu yake kimepanda tena, na picha ikaonyesha sababu.

Cicily ameketi safu ya mbele, amejifunga kitambaa cha kijani. Ndiye aliyetaka nianze hivi. Aliniambia, "Mwandishi, ukianza na utepe watapiga makofi, halafu hawatasikia kitu."

Nusu ya habari hii mnaijua, kwa sababu mlikuwemo. Miaka mitatu iliyopita Cicily, mjane wa miaka sitini na mmoja, mkulima wa kahawa, alianza kuziona tena siku zake, jambo lililokuwa limekoma zamani. Matiti yalijaa na ngozi ikalainika. Alimnong'oneza rafiki yake Mama Ndambiri, mwenyekiti wenu, wakichuma kahawa. Mama Ndambiri alimkumbuka Sara mke wa Ibrahimu, aliyezaa uzeeni, na Jumapili iliyofuata mlimsindikiza Cicily hadi madhabahuni mkiimba nyimbo za shukrani. Nje ya kanisa mlimtania kwamba atafutiwe bwana, na asiwe mzee.

Nilimuuliza kwa nini alikaa zaidi ya mwaka bila kwenda kwa daktari. Alinitazama kama niliyeuliza swali la kitoto.

"Nani hupeleka baraka hospitali?"

Je, mwili wake ulikuwa umerudi ujanani? Daktari amenieleza, nami naeleza nilivyoelewa. Ovari, pale mayai ya mwanamke yanapokomaa, hutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Hedhi inapokoma, kazi hiyo hupungua sana. Kwa Cicily, uvimbe ulianza katika seli za ovari za aina ileile inayotengeneza homoni hiyo, nao ukaendelea kuitengeneza bila kipimo. Utando wa mji wa mimba ukawa mnene, ukavuja damu. Mwili wake ulikuwa unatii amri. Aliyetoa amri alikuwa uvimbe.

Niseme wazi pia kwamba aina hii ni nadra. Uvimbe mwingi wa ovari haumpi mwanamke dalili ya namna hii, na damu baada ya hedhi kukoma ina sababu nyingi, nyingine ndogo. Lakini ni nani kati yetu awezaye kujua ni ipi kwa kumtazama mtu akicheza kanisani? Cicily alipofika hospitali hatimaye na kupasuliwa mara ya kwanza, uvimbe ulikuwa tayari umepasuka ndani.

Mama Ndambiri, nakupongeza. Ibada ile uliiongoza wewe, na mashine hii ya ultrasaundi, inayoonyesha picha za ndani ya mwili, umeiomba wewe, ofisi kwa ofisi, hadi makarani wakawa wanajificha wakikuona getini. Hukuniomba nifiche la kwanza ili nisifu la pili. Waheshimiwa wachache wangejizuia hivyo.

Jana jioni nilikuwa nyumbani kwa Cicily Mama Ndambiri alipofika. Alisema akina mama watakuja kumwombea kabla ya upasuaji. Cicily alikubali, akamwekea chai, kisha akasema, "Kuna wenzetu wanaotokwa damu sasa hivi na wamenyamaza. Wengine wanangoja baraka. Wengine wanaogopa tutawaimbia."

Mama Ndambiri alikiweka kikombe mezani.

"Hatutaimba," alisema.

Ahadi hiyo ndiyo niliyotumwa kuileta mbele yenu. Daktari hajaahidi kwamba upasuaji wa pili utauondoa uvimbe wote, na Cicily hakumshurutisha aahidi.

Chumba hiki kinaanza kazi Jumatatu saa mbili asubuhi. Mama yeyote aliyeona damu baada ya hedhi kukoma aje, na anayemsindikiza anyamaze. Jumanne, saa mbili vilevile, Cicily Njoki anaingia chumba cha upasuaji mjini Embu. Nawashukuru kwa kunisikiliza, na kwa kutopiga makofi.